Kutoka pikipiki ya boda hadi pikipiki kubwa: anza na mwendo wa kinyonga

Jirani yangu, dereva wa bodaboda wa miaka mingi, alinifundisha pikipiki kwa dakika 20 hivi. Alikaa nyuma yangu, akanishika mabega, akasema: "Minya klachi, tia namba moja, achia taratibu, vuta mafuta. Twende." Tulienda kweli, moja kwa moja mpaka kwenye ua wa michongoma wa nyumba ya tatu. Nikatoka mle na mikwaruzo miguuni na imani kwamba nimeshajua pikipiki.

Wengi hapa Tanzania tumejifunza namna hiyo, na kwa Boxer au TVS ya kuzungukia mtaani mambo hujiendea. Pikipiki ya kilo 120 ina huruma: ikiinama vibaya unaizuia kwa mguu, ikizima unapiga kiki tena, watu wanacheka, basi. Hesabu inabadilika siku unapopanda pikipiki ya kilo 200 na zaidi. Hapo yale uliyoyaruka siku ya kwanza yanakuja kudai. Wala hayakudai ukiwa kasi 100 njia ya Chalinze. Yanakudai ukiwa kasi 3, kwenye kituo cha mafuta, unageuza kumpisha mwenye gari aliye nyuma yako.

Kwa hiyo hapa nawaweka pamoja watu wawili: ambaye hajawahi kushika pikipiki, na anayeendesha ndogo huku akiota kubwa. Wa pili mara nyingi inambidi akae dawati moja na wa kwanza.

Leseni, kofia na viatu

Kwa Tanzania, daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi cc 125, na daraja A ni la zinazozidi hapo. Maana yake ile Boxer ya 150 unayoiona kila kijiwe tayari inadai daraja A, ingawa wenyewe hatuioni kuwa kubwa. Ukienda kusoma, lenga A tangu mwanzo ili usirudi foleni mara mbili. Anza na leseni ya kujifunzia, ingia VETA au chuo kilichosajiliwa, ukaguliwe na askari wa usalama barabarani, ndipo ukachukue kadi yako TRA. Unapotafuta chuo, usiulize ada kwanza. Ulizia uwanja. Chuo kisicho na sehemu tambarare ya kuzungusha pikipiki kitakupa cheti na michongoma.

Kofia ngumu: ivae, funga mkanda, kisha tikisa kichwa kama mtoto anayekataa dawa. Mashavu yako yasogee pamoja nayo. Kama kofia inabaki palepale na kichwa kinazunguka ndani, hiyo ni sufuria. Tafuta alama ya ECE, herufi E ndani ya duara, kwa kawaida imeshonwa kwenye mkanda. Ikishapiga chini mara moja kwa nguvu, hata kama haina ufa, kazi yake imekwisha. Ile sponji ngumu ya ndani hubonyea mara moja tu.

Viatu vifunike kifundo cha mguu. Glavu usiziache, kwa sababu mtu akianguka hutanguliza viganja. Lile jaketi linalovaliwa kinyumenyume, zipu mgongoni, linazuia upepo wa kifua vizuri sana na halizuii lami hata kidogo.

Siku ya kwanza: injini ikiwa imezimwa

Tafuta uwanja wa mpira asubuhi na mapema, kabla watoto hawajaamka. Usiwashe. Simama upande wa kushoto wa pikipiki, shika mipini yote miwili, kunja stendi, kisha tembea nayo. Mbele, nyuma, duara la kulia, duara la kushoto. Iinamishe kidogo kidogo kuja upande wako uone ni wapi uzito unaanza kukuelemea. Nukta hiyo ikumbuke kwa mwili. Kabla ya hapo pikipiki haina uzito wowote, unaishikilia kwa vidole viwili. Baada ya hapo huiwezi, hata uwe mbeba magunia Kariakoo.

Kisha ilaze chini kwa makusudi, juu ya majani, uiinue. Igeukie kwa mgongo, chuchumaa makalio yakiegemea siti, mkono mmoja kwenye mpini uliokunjwa hadi mwisho, mwingine kwenye chuma cha nyuma, halafu sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume kwa hatua fupi. Nguvu itoke mapajani, kiuno kisifanye kazi. Kabla ya kuinua tia gia ili isibingirike, na kama imelalia kulia, toa stendi kabisa kabla hujaanza.

Zoezi hili watu huliona la kipuuzi. Ndilo litakalokuambia baadaye ni pikipiki gani usinunue.

Klachi, mpaka mkono uielewe

Sasa washa. Kaa, miguu yote chini, minya klachi, tia namba moja. Achia klachi nywele kwa nywele bila kugusa mafuta kabisa, mpaka usikie mlio wa injini unashuka na pikipiki inataka kujongea. Hapo ndipo klachi inaposhika. Minya tena. Rudia mara 50, ndiyo, 50. Kwenye tambarare pikipiki nyingi zitaondoka zenyewe kwa mzunguko wa injini tu, bila mafuta. Mwanafunzi anayejua hilo haruki kama chura.

Baada ya hapo panga chupa mbili za maji umbali wa mita 20 na utoke moja hadi nyingine kwa mwendo wa mtu anayetembea. Siri ni vitu vitatu kwa pamoja: klachi imeshika nusu, mafuta kidogo yasiyopanda wala kushuka, na mguu wa kulia unaigusa breki ya nyuma. Injini inavuta, breki inazuia, na katikati ya mvutano huo pikipiki inatulia wima kama imeshikwa na mtu. Ukiona inayumba, usitoe miguu. Ongeza breki ya nyuma kidogo na achia klachi kidogo. Jirani yangu alikuwa na wasiwasi kwamba nitaunguza klachi. Kwa pikipiki nyingi klachi imezama ndani ya oili na inavumilia mchezo huu vizuri, mradi unaipumzisha ikipata moto.

Saa ya simu itakupa alama: mita 20 kwa sekunde 15 au zaidi, bila mguu kugusa chini. Ukiweza hivyo mara 10 mfululizo, njoo kwenye nane.

Nane ni chupa mbili, na wewe unachora tarakimu 8 kuzizunguka, ukizibana kila siku kidogo. Kwenye kona ya polepole pikipiki inainama, mwili wako unabaki wima au unaegemea upande wa nje. Na macho, jamani, macho. Geuza kidevu uangalie unakotaka kutokea, hata kama ni nyuma ya bega. Ukiangalia chupa utaikanyaga, ukiangalia shimo utalala humo. Mwenzangu mmoja alipiga mti pekee uliokuwa katika uwanja mzima, na alisema ukweli: alikuwa akiuangalia sana ili asiupige.

Kinachofuata kinawashangaza hata madereva wa miaka 10. Ukishavuka mwendo wa baiskeli, kama kasi 30, pikipiki haikati kona kwa kugeuza usukani uelekee kona. Ukitaka kwenda kulia, unasukuma mpini wa kulia mbele, kidogo tu. Tairi la mbele linatoka kushoto kwa kufumba na kufumbua, pikipiki inalala kulia, inakwenda kulia. Kila anayeendesha anafanya hivyo bila kujua. Tofauti ya anayejua ni siku lori linapokatiza mbele yake: asiyejua hukaza mikono na kwenda moja kwa moja, anayejua husukuma mpini akakwepa. Jaribu ukiwa kasi 40, uwanja mpana, kwa viganja vilivyolegea.

Breki ya mbele na uongo wa kijiweni

Vijiweni utaambiwa: "Breki ya mbele usiiguse, itakurusha." Nimepanda boda ambazo waya wa breki ya mbele ulishakatika zamani na mwenyewe hana habari. Ukweli ni kwamba pikipiki ikipunguza mwendo uzito wote hukimbilia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, halina cha kushikia. Kwenye lami kavu sehemu kubwa ya kusimama inatoka breki ya mbele.

Kinachorusha watu ni kuikamata ghafla. Iminye kama unavyokamua embe bivu: anza kwa upole ili shokapu za mbele zishuke na tairi likandamizwe chini, halafu ongeza, ongeza. Breki ya nyuma inakuja pamoja, nyepesi. Usukani uwe umenyooka. Kwenye mchanga au tope geuza hesabu: nyuma zaidi, mbele kwa ncha ya kidole.

Fanya mazoezi kutoka kasi 30, kisha 40, kisha 50, mahali pasipo na watu. Upige hesabu pia: kwa kasi 80 unapita karibu mita 22 kila sekunde, na umbali wa breki unaongezeka mara nne pale kasi inapoongezeka mara mbili. Sekunde moja ya kutazama ujumbe kwenye simu ni mita 22 ambazo hakuna aliyeendesha.

Breki ya mbele ndiyo iliyoniangusha siku ya tatu na pikipiki kubwa, mbele ya umma. Nilikuwa natoka kwenye kituo cha mafuta, usukani umekunjwa kulia, kasi ya mtu anayetembea, kijana akapita mbele na ndoo. Nikashika breki ya mbele. Kilo 200 zikalala kama ng'ombe aliyechoka. Tangu hapo sheria yangu ni hii: usukani ukiwa umekunjwa na mwendo ni wa kinyonga, vidole vya mkono wa kulia havigusi breki, kazi yote ni ya mguu.

Kuingia barabarani

Hapa sitakaa sana, kwa sababu barabara yenyewe ndiyo mwalimu na inafundisha kila siku. Jumapili asubuhi ndiyo siku ya kuanza. Fuata alama ya tairi la gari, kushoto au kulia, siyo katikati ya njia ambako oili za malori hudondokea. Mvua inapoanza, zile dakika za kwanza ndizo zenye utelezi kuliko zote, kabla vumbi na oili havijasombwa. Simama kibandani unywe chai. Tuta unalipunguzia mwendo kabla, unaachia breki ukilifikia, unanyanyuka kidogo kwenye siti, magoti yanafanya kazi ya shokapu. Ukilipanda huku umeshika breki, shokapu zimeshabonyea na kipigo chote kinakuja kiunoni.

Daladala mbele yako itasimama. Usiulize lini. Njia ya mwendokasi siyo yako hata kama iko tupu na umechelewa. Ukiwa makutanoni na gari linataka kukata mbele yako, usitazame uso wa dereva, tazama gurudumu lake la mbele. Uso unaweza kukuangalia bila kukuona, gurudumu likianza kuzunguka limeshasema.

Abiria mchukue baada ya miezi miwili mitatu, mmoja tu, amekaa kwa kutanua miguu. Mishkaki waachie wanaouza.

Unaihitaji kubwa kweli?

Swali hili lijibu kwa ramani. Kama maisha yako ni Mbagala kwenda Posta, au Nyegezi kwenda mjini Mwanza, pikipiki kubwa itakuwa mzigo: joto la injini mapajani, foleni usizopenya, kila tuta adhabu. Boxer ya cc 150 ina nguvu za farasi 12 hivi na inatosha kabisa.

Ila kama unakwenda Dar hadi Morogoro, karibu kilomita 190, mambo ni mengine. Ndogo inafika, nimeshafika nayo. Tatizo ni kwamba kwa kasi 80 imeshamaliza vyote ilivyo navyo. Lori la Tunduma likikuwekea moshi usoni huna akiba ya kulipita. Basi likitokea upande wa pili, upepo wake unakupiga kofi na pikipiki nyepesi inahama nusu ya njia. Ndiyo maana ya kununua kubwa: akiba ya kupita na uzito wa kutulia. Anayeinunua kwa ajili ya kasi ameanza vibaya, kwani kasi ya kisheria ya Boxer na ya BMW ni ileile.

Nchi nyingi za Ulaya, kijana aliye chini ya miaka 24 hukatazwa kuruka ngazi. Wana leseni ya katikati inayoishia kilowati 35, sawa na farasi 47, na anakaa hapo miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kupanda juu na kuendesha yoyote. Sisi daraja A likishaingia kwenye kadi, unaweza kutoka Boxer asubuhi na jioni ukapanda mashine ya cc 1,200. Hakuna wa kukuzuia, kwa hiyo ngazi jijengee mwenyewe.

Ngazi ninayopendekeza

Ngazi ya kwanza ni pikipiki ya barabara mbovu ya cc 125 hadi 250. Wafanyakazi wa miradi na watu wa afya vijijini walizunguka nchi hii kwa Honda XL125 na Yamaha AG100, na AG ilibuniwa kwa ajili ya mashambani hasa. Siku hizi Honda XR150L inafanya kazi hiyo. Hizi zinakufundisha mchanga, makorongo na kusimama juu ya vikanyagio, na zikianguka unaziinua peke yako. Honda CRF250L nayo iko hapa, kilo 144 tu, lakini siti iko juu, sentimita 87. Mfupi atasimama kwa vidole kama mcheza densi.

Ngazi ya pili ni cc 400 hadi 500, na kwa maoni yangu wengi wangebaki hapa wasijute. Royal Enfield Himalayan ya 411 ina farasi 24 tu, na wanaopenda namba huicheka. Siti yake iko sentimita 80, injini inavuta kutoka chini kabisa kama trekta, na barabara za vumbi inazipenda. Ubaya wake ni kilo zinazokaribia 200. Bajaj Dominar 400 ina farasi 40 na inaipenda lami zaidi. Honda CB500X ina silinda mbili, cc 471, na imepimwa ikae ndani ya zile kilowati 35 za Ulaya. Mtetemo wake ni mdogo, na kwa safari ndefu mikono haifi ganzi.

Ngazi ya tatu ni Honda Africa Twin ya 1100, BMW R 1250 GS na wenzake. GS ina farasi 136 na kilo 249 kabla hujaweka hata chupi ya kubadilisha. Ni mashine nzuri mno. Lakini ukiilaza peke yako huko Kilosa kwenye tope, utakaa nayo mpaka apite mtu mwenye moyo.

Sasa kuchagua. Panda ile unayoitaka ukiwa na viatu vyako vya safari. Si lazima nyayo zote zikae chini bapa, lakini mguu mmoja ukae bapa na mwingine uguse kwa sehemu ya mbele. Iinue kutoka kwenye stendi, irudishe nyuma kwa miguu mita tano, izungushe kwa kuisukuma. Kama muuzaji anakubali, ipeleke kwenye uwanja ucheze ile nane. Ukishindwa kuifanya nane hiyo pikipiki bado siyo yako, hata kama kwenye lami iliyonyooka inakufanya ujisikie mfalme.

Angalia pia gia. Baadhi ya pikipiki zetu za kazi gia zote zinakanyagwa chini kwa ncha ya mguu na kurudishwa kwa kisigino. Kubwa karibu zote ni namba moja chini, nyingine zote juu. Mguu uliozoea miaka 5 utakanyaga chini ukitaka kuongeza, na badala ya namba nne utaingiza mbili, tairi la nyuma litafoka. Kaa nayo uwanjani siku tatu, ukitamka namba kwa sauti kama mwendawazimu, mpaka mguu usahau.

Kuhusu spea, ingia Kariakoo kabla hujalipa, siyo baada. Taja cheni, pedi za breki, waya wa klachi, chujio la oili na matairi ya saizi ya mnyama wako. Cha Boxer kinapatikana hadi duka la chumvi kijijini. Cha Africa Twin utaagiza na kusubiri. Pikipiki za sindano za mafuta, yaani zinazopuliza mafuta kwenye injini kwa kuongozwa na kompyuta, hazina kabureta ya kufungua kwa bisibisi njiani, kwa hiyo muulize fundi wako kwa upole kama ana kifaa cha kusomea kompyuta. Akikujibu "hiyo tunapiga tu," tafuta fundi mwingine.

Ukinunua iliyotumika

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto ameshaificha shida ya kuwaka. Iwashe mwenyewe uangalie moshi: wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, na mweupe usioisha, kwenye injini inayopozwa kwa maji, ni maji yanaingia ndani.

Kagua meno ya sproketi. Yakiwa yamechongoka na kulala kama pezi la papa, cheni na sproketi zote mbili zinabadilishwa pamoja, na bei ishuke hapohapo. Pitisha kidole kwenye vyuma vya shokapu za mbele. Ukikuta oili, sili zimekufa. Inua tairi la mbele lisiguse chini, zungusha usukani polepole. Ukikwama kidogo katikati kama unaoingia kwenye kijishimo, bearingi za usukani zimelika. Tazama ncha za mipini, vikanyagio na levya: ndiko ajali huandikwa.

Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kijiduara cha mviringo. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata zote na bado likawa gumu kama soli ya kandambili ya zamani, halishiki lami ya mvua.

Karatasi: namba ya chesisi na ya injini zifanane na kadi ya usajili wa pikipiki, namba ya MC ifanane na kadi, jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Akisema kadi iko kwa shemeji Dodoma, msalimie shemeji. Badilisha umiliki TRA mara moja, usitembelee jina la mtu. Stika ya bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na kwa pikipiki ya mamilioni fikiria bima kubwa. Ile ndogo inamlipa uliyemgonga, siyo wewe.

Safari ya kwanza

Kilomita 500 za mwanzo zungukia karibu na nyumbani. Kila asubuhi anza na nane mbili na breki tatu za dharura, kama mchezaji anayepasha mwili. Kisha chagua njia. Mimi nilichagua Iringa, kilomita karibu 500 kutoka Dar, nikaigawa siku mbili na kulala Morogoro.

Ondoka alfajiri, lakini kuwe kumekucha. Giza ni la ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoharibika na kuwekewa matawi ya miti. Simama kila saa moja na nusu, hata kama hujachoka. Kunywa maji kabla ya kiu, kwa sababu upepo unakausha jasho na huwezi kujua umepungukiwa. Mikumi barabara inakatiza hifadhi kwa karibu kilomita 50: shika kasi 50, usimame mbali tembo wakivuka, na usizime injini. Twiga mmoja akivuka, subiri. Kuna wa pili.

Mlima Kitonga ndipo mtihani ulipo. Malori yanapanda kwa namba moja, kona zimejikunja, na kuna mahali pengine huwezi kupita. Hapo ndipo zile mita 20 kwa sekunde 15 zinalipa: unakaa nyuma ya lori kwa mwendo wa mtu anayetembea, klachi nusu, mguu kwenye breki ya nyuma, wima, bila kuweka mguu chini mlimani. Niliwaona wawili wenye mashine kubwa kuliko yangu wamesimama ukingoni, mmoja ameilaza.

Wakati wa kurudi, Ruaha Mbuyuni watakuuzia vitunguu, na ni vizuri. Usifunge kiroba juu ya keria; uzito ukikaa juu na nyuma, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inacheza kichwa kwenye upepo wa mabasi. Vigawe sawa kwenye mabegi ya pembeni, chini kabisa, ongeza upepo kidogo tairi la nyuma kama kitabu cha pikipiki kinavyosema kwa mzigo, na ukitoka pale zungusha nane moja pembeni ya barabara kabla ya kushika lami.